Tiramisu, chakula cha mzazi

Haya ni mazungumzo niliyotoa Malindi mbele ya kina mama na vijana wanaojifunza kuoka kwa ajili ya kuuza nyumbani. Niliombwa niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Maswali yaliyoulizwa katikati nimeyaingiza mahali pake.

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wadogo zangu mliosimama karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo.

Kwenye meza hii kuna vitu sita. Mayai, sukari, maskarpone, yaani krimu nzito ya maziwa iliyogandishwa, biskuti za vidole, kahawa na kakao. Niliwaomba wenyeji wetu waviweke wazi tangu mnaingia, ili kila mtu avihesabu kwa macho yake, kwa sababu tiramisu, kile kitamutamu cha Kiitaliano cha tabaka, ni hivi sita basi. Chupa ya mvinyo haipo hapa. Gelatini haipo. Hata ute wa yai haumo, tutautoa na kuuweka pembeni.

Nalisema hili mapema kwa sababu miaka 18 nimepika tiramisu bila kuionja. Jiko nililojifunzia kazi lilikuwa likitia mvinyo wa Marsala kwenye kahawa ya kuchovyea, na mimi ni Mwislamu. Nilikuwa naipanga, naipamba, naitoa mezani, na utamu wake naujua kwa sahani zinazorudi tupu. Niliamini hivyo ndivyo ilivyo asili yake, kwamba hiki ni chakula cha wenyewe, sisi wengine kazi yetu ni kukiandaa.

Aliyenitoa kwenye dhana hiyo ni bibi mmoja, mzaliwa wa mkoa wa Veneto, kaskazini mwa Italia, aliyekuwa akija Malindi kila kwao kunapoingia baridi. Siku moja aliniuliza mbona sionji ninachopika. Nikamweleza. Alishangaa kwelikweli. Akaniambia kwao utotoni hakuna aliyeweka pombe kwenye mayai na sukari, kwa kuwa kilikuwa chakula cha watoto, cha wazee, na cha mwanamke aliyetoka kujifungua.

Kesho yake asubuhi alikuja jikoni, akaomba yai moja, kikombe cha chai na kijiko kidogo. Akalivunja yai, akakichezesha kiini kutoka ganda moja kwenda jingine mpaka ute wote ukadondoka. Kiini akakitia kikombeni pamoja na vijiko viwili vya sukari, akaanza kupiga. Mwanzo kijiko kilikuwa kikikwaruza, maana sukari bado ni punje, na rangi ilikuwa ya chungwa. Akaendelea, mkono hausimami, huku anazungumza habari za wajukuu wake. Baada ya dakika kama tano mkwaruzo ulikuwa umekwisha, rangi imegeuka manjano ya ndizi mbivu, kisha ikapauka zaidi ikawa kama siagi. Akainua kijiko. Uzi mzito ukashuka polepole, ukajikunja juu ya ule uliotangulia, ukakaa hapo bila kuzama. Akamimina kahawa ya moto kidogo, akakoroga, akanipa.

"Sbatudin," alisema. Kwa Kiveneto ni kitu kilichopigwapigwa, na ndiyo mama wa tiramisu.

Mama zangu mliopitia arubaini mnanielewa hapa bila mimi kueleza sana. Sisi mzazi tunampikia uji wa pilipili manga, tunamnywesha supu ya kuku, tunamkanda, na bibi mmoja anakaa naye kuhakikisha bakuli limerudi tupu. Wao walikuwa na kiini cha yai, sukari, na kahawa kidogo. Na jina lenyewe ndilo hilo. Tira mi su: nivute juu, niinue, nitie nguvu. Ni maneno ya mtu aliyelegea akimwambia mwenzake amsaidie kuinuka.

Sasa tiramisu tunayoijua, yenye tabaka, ilizaliwa wapi? Simulizi inayokubaliwa zaidi inatupeleka mji wa Treviso, kilomita kama 30 kaskazini ya Venice, kwenye mkahawa uitwao Le Beccherie. Mwenyewe alikuwa Ado Campeol, na mkewe Alba ndiye aliyekuwa jikoni. Familia inasimulia kwamba Alba alipokuwa mzazi, mamamkwe wake alimletea mchanganyiko wa kumrudishia nguvu, wenye maskarpone na kahawa ndani yake. Aliporudi kazini hakuusahau. Akakaa na mpishi wao wa vitamutamu, Roberto Linguanotto, wakaupangia biskuti na kuufanya kitu cha kukatwa na kuwekwa sahanini. Linguanotto naye alikuwa na lake la kusimulia: kwamba alipokuwa akitengeneza aiskrimu, maskarpone ilimdondokea kwenye bakuli la mayai na sukari, akaonja, akaenda kumwambia bi mkubwa. Mimi sioni kwamba simulizi hizo mbili zinapingana. Mwaka 1972 tiramisu ikaingia kwenye orodha ya chakula ya mkahawa ule, na familia ya Campeol haikuiwekea hati ya kumzuia mtu mwingine asiipike. Ado alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 93. Linguanotto akamfuata mwaka 2024.

Majirani zao wa mkoa wa Friuli Venezia Giulia hawakubali. Wanasema kwao, kwenye hoteli moja ya mji wa Tolmezzo, kitamutamu hiki kilikuwa kikiliwa tangu miaka ya 1950, na kijiji cha Pieris nacho kina dai lake la zamani zaidi. Mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia iliiandika tiramisu kwenye orodha ya vyakula vya jadi kwa jina la Friuli, na mkuu wa mkoa wa Veneto akapinga hadharani. Ugomvi huo ni wao. Ila mjue kwamba mwaka 2010, Chuo cha Upishi cha Italia kiliiweka resipe ya Treviso kwa mwanasheria, ikaandikwa rasmi. Ndiyo nataka muishike kichwani: viini vya mayai 12, sukari nusu kilo, maskarpone kilo moja, biskuti za vidole 60, kahawa, na kakao. Mwisho. Pombe haikuandikwa. Siku ile niliyoyajua haya nilirudi nyumbani nikanunua mayai kabla sijavua baibui.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba tiramisu isiyo na pombe ni ya kujikimu, mjibu kwa adabu kwamba ndiyo yenyewe. Waliotia Marsala na rumu walikuja nyuma.

Tuanze na maskarpone, kwa sababu ndiyo inayotisha watu. Ni maziwa, au tuseme krimu ya maziwa iliyogandishwa, na asili yake ni Lombardia, upande wa Lodi. Wengi huiita jibini, lakini haigandishwi kwa rojo la tumbo la ndama kama jibini nyingi. Inagandishwa kwa uchachu. Krimu inapashwa moto hadi nyuzi 85 au 90, inatiwa asidi, inashikana, kisha inachujwa maji. Mwenye wasiwasi wa halali, basi, asome kibandiko kama kawaida yake, ila njia yenyewe ya kuitengeneza haina tatizo.

Na kwa kuwa ni krimu na asidi, mnaweza kuitengeneza. Chukua lita moja ya krimu nzito, ile yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, isiyotiwa sukari. Ya kopo iliyokwisha kupigwa haifai. Ipashe moto mdogo huku unakoroga hadi nyuzi 85. Tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau, endelea kukoroga dakika tano, utaona inakuwa nzito kama uji wa mtoto, inashika mgongo wa mwiko. Ipoze. Kisha tandika kitambaa kile cha kuchujia tui, kilichofuliwa na kuchemshwa, kwenye chujio juu ya bakuli, mimina, funika, weka ndani ya friji usiku mzima. Asubuhi utakuta maji kidogo chini na juu kitu cheupe kinachokatika kwa kijiko. Hiyo ndiyo. Nimeipima mara nyingi: lita moja hunipa kama gramu 700 hivi, hutegemea krimu. Inakaa friji siku tatu, basi.

Sasa mayai. Hapa nitakawia, mnisamehe, kwa sababu hapa ndipo mtu anapoweza kumdhuru mteja wake.

Resipe ya Treviso hupiga viini vibichi. Bibi yule naye alinipa kiini kibichi, tena kwa mapenzi, nikala. Lakini yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na mayai yetu hapa yanatoka kwenye mabanda mengi, yanapanda pikipiki, yanakaa dukani kwenye joto. Mimi siuzi tiramisu ya kiini kibichi, simpi mja mzito, simpi mtoto wala mzee. Na fikirieni: hao ndio wenye chakula chao. Chakula cha mzazi lazima mzazi aweze kukila bila hofu. Kwa hiyo kiini tunakipika bila kukigeuza kuwa yai la kukaanga.

Njia ni hii. Viini sita, sukari gramu 150, na vijiko viwili vya maji, vyote kwenye bakuli la bati au la kioo kizito. Chini yake sufuria yenye maji kidogo yanayochemka polepole. Bakuli likae juu ya mvuke, lisiguse maji. Piga mfululizo kwa mchapo wa waya. Usiende kupokea simu. Usimwachie mtoto. Chukua kipimajoto cha jikoni, kichovye katikati ya mchanganyiko, na usitoe bakuli mpaka kisome nyuzi 71 au kupita kidogo. Salmonela haivuki hapo. Mtaniuliza, na dada pale ameshauliza, mbona kiini hakigandi? Kiini kitupu kingeganda kabla ya kufika hapo. Sukari ndiyo inayokilinda, inachelewesha kuganda kwake, na mkono wako unaopiga bila kusimama unazuia kipande kimoja kisipate moto kuliko kingine. Ukiacha kupiga nusu dakika, pembeni utaona chembechembe za yai lililoiva. Chembe chache chuja. Zikiwa nyingi, anza upya, mayai hayo wapikie watoto.

Kipimajoto si ghali kulinganisha na mteja mmoja aliyeharisha. Mimi nilikuwa najivunia kukisia kwa macho, sasa sikisii.

Ukishafika kwenye joto hilo, toa bakuli, endelea kupiga mpaka lipoe kabisa. Mwenye mashine ya umeme atumie, dakika kama nane. Mnatafuta uzi ule ule niliouona kwenye kikombe cha chai: mzito, umepauka, unajikunja na kukaa. Ukizama haraka, bado.

Mmeona nimesema sukari gramu 150. Nusu ya resipe ya Treviso ingekuwa gramu 250 kwa viini sita na maskarpone nusu kilo. Nimeijaribu kama ilivyo. Ni tamu mno kwangu, inaifunika kahawa, na kahawa ndiyo uti wa mgongo. Hapo nimejiruhusu kupunguza. Ukitaka ya asili kabisa rudisha zote, ni haki yako.

Kuchanganya maskarpone na viini ndiko kulikonitia aibu mara ya kwanza nilipoipika peke yangu, kwa wageni 40. Nilitoa maskarpone mapema, nikaiacha kwenye meza karibu na jiko, mwezi wa pili, na mnalijua joto la mwezi wa pili hapa kwetu. Ikalegea. Nikaogopa, nikadhani dawa ni kuipiga kwa mashine kwa nguvu. Ikaanza kuwa nzito, nikafurahi, nikazidi, na ghafla ikakatika: punje za mafuta upande mmoja, maji upande mwingine. Nilikuwa nimesuka siagi. Wale mliokulia bara, mnaosukasuka maziwa kwenye kibuyu, mnakijua kitu hicho. Maskarpone karibu nusu yake ni mafuta, na ukiyapigapiga kupita kiasi yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuyatema maji. Niliipanga hivyo hivyo kwa kukosa muda. Saa mbili baadaye trei ilikuwa inaelea. Wageni wale walikula matunda.

Kwa hiyo: maskarpone itoke friji dakika kumi tu kabla. Ilegeze kwa mwiko, kwa mkono, mpaka iache mabonge. Viini viwe vimepoa, ukigusa chini ya bakuli usisikie joto. Tia maskarpone kidogo kidogo, na badala ya kupiga, pindua kutoka chini kuja juu, kama unavyochanganya wali wa pilau usivunje punje. Ikishakuwa rangi moja, acha. Ukiinua mwiko inabaki imesimama kama kilima, na hapo huhitaji gelatini wala krimu ya kupigwa. Wengine hutia ute wa yai uliopigwa ili ijae na iwe nyepesi. Inapendeza siku ya kwanza, siku ya pili inatoa maji chini, na ute ule ni mbichi. Mimi ute nauweka friji, kesho yake nauokea meringu.

Kahawa. Hapa naomba tunyooshe mgongo kidogo, maana kahawa Waitaliano hawalimi, wanaipokea. Iliingia Ulaya kwa njia ya Venice, ikitoka bandari za Waarabu, karne nyingi kabla ya tiramisu. Birika lile dogo la pembe nane linalochemsha kahawa jikoni kwa kila Mwitaliano, alilolitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933, linaitwa moka, na moka ni Mokha, bandari ya Yemeni ambayo majahazi ya pwani hii yaliijua. Na ule mchanganyiko wa espreso wenye povu zito la kahawia na uchungu unaobaki ulimini, sehemu yake kubwa hupewa nguvu na robusta, aina ya kahawa iliyo kali. Uganda huiuzia Italia kahawa nyingi, na Kagera nako robusta yake husafiri. Mwenye ndugu Bukoba anajua Wahaya huitafuna buni yenyewe. Basi mtu asije akadhani kahawa ya tiramisu lazima itoke kwenye kopo lenye maandishi ya Kiitaliano. Nunua kahawa ya hapa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, isagwe karibuni, hiyo ndiyo.

Ninachokataa ni mambo mawili. Kahawa ya unga ya papo kwa hapo inaleta uchungu usio na harufu. Na ile kahawa yetu ya mdila, yenye tangawizi na iliki, ninayoipenda kuliko kahawa zote na ninayoinywa kila alasiri na tende, hapa inakula ladha ya maskarpone, unasikia iliki peke yake. Iacheni barazani, pale ndipo pake.

Mkiwa na birika la moka, jazeni chujio la unga bila kushindilia, moto mdogo, na liondoeni mara tu sauti ya kukoroma inapoanza. Asiye nalo achemshe kahawa nzito sufuriani, vijiko vinane vya chakula kwa nusu lita ya maji, aiache itulie, aichuje kwa kitambaa mara mbili. Kwa trei yetu inatosha mililita 300. Msitie sukari. Sukari yote imo kwenye viini, na tunataka uchungu usimame chini yake. Kisha ipozeni mpaka iwe baridi kabisa.

Nasema baridi kwa sababu ya biskuti. Hizi za vidole Waitaliano huziita savoiardi, kwa jina la Savoia, ukoo uliotoa wafalme wa Italia kuanzia 1861. Ukiivunja moja na kuitazama ndani ni vitundu vitupu, maana inaumuliwa kwa hewa ya mayai yaliyopigwa na haina siagi. Inakunywa kama sifongo. Ukiitia kwenye kahawa ya moto inayeyuka mkononi. Kwenye kahawa baridi una muda wa kuhesabu moja, mbili, kisha itoe. Upande mmoja, geuza, toka. Ukiivunja mara baada ya kuchovya, katikati kuwe bado na mstari mweupe mkavu. Msiwe na hofu nao, usiku utaumaliza.

Zisipopatikana dukani, okeni wenyewe. Mayai manne, sukari gramu 120, unga gramu 120. Ute upigwe na nusu ya sukari mpaka usimame, viini na nusu nyingine mpaka vipauke, changanyeni kwa kupindua, chungieni unga juu yake kwa awamu tatu. Mimineni kwenye mfuko wa kupambia keki, chora vidole vya urefu wa kidole chenu kirefu, nyunyiza sukari, oka kwa nyuzi 180 dakika 12 hivi, mpaka kingo ziguse kahawia. Halafu ziacheni wazi siku nzima zikauke. Biskuti mpya laini haifai, inalowa ikawa ugali. Zile biskuti za chai za pakiti, mama mmoja ameniuliza. Zina mafuta, hazinywi, zinalainika juu tu na ndani zinabaki unga. Utapata kitu kitamu, nitakila nikialikwa, lakini tusikiuze kwa jina hili.

Kupanga ni kazi fupi. Biskuti 30 kwa tabaka mbili, bakuli la kioo ili mteja aone. Le Beccherie waliipanga ya mviringo, mnaweza kufanya hivyo kwenye bakuli la duara. Tabaka la biskuti zilizochovywa, zikae bega kwa bega, nafasi ndogo pembeni jazeni vipande. Nusu ya krimu, isambazeni mpaka kingoni. Biskuti tena, safari hii zielekee upande mwingine ili kipande kisikatike vibaya. Krimu iliyobaki. Sawazisheni kwa mgongo wa kijiko. Funikeni bila kugusa juu, ingizeni friji.

Na hapo muwe na subira ya saa sita angalau, usiku kucha ni bora. Ndani humo mambo yanaendelea: biskuti inavuta unyevu wa kahawa kutoka nje kuja ndani na ule mstari mweupe unatoweka, mafuta ya maskarpone yanapoa na kushika, harufu ya kahawa inapanda mpaka juu. Ukiikata baada ya saa moja ina ladha ya vitu vitatu vilivyowekwa pamoja. Asubuhi ni kitu kimoja. Anayetaka kuuza Jumamosi, apike Ijumaa jioni.

Kakao ni ya mwisho, tena dakika ya mwisho. Iwe kakao tupu isiyo na sukari, ichungwe kwa chujio dogo la chai kutoka juu kidogo, ifunike krimu yote kama vumbi. Ukiitia jana yake inanyonya maji, inakuwa madoa meusi. Kwa wateja wa kupelekewa, pakieni kakao kwenye kikaratasi pembeni na mwaelekeze. Sanduku liwe na barafu. Kwa joto la hapa, nje ya friji msiihesabie zaidi ya saa moja, na friji siku mbili, tatu sina raha nayo.

Kaka pale nyuma ameniuliza kwa nini Malindi, na si mji mwingine wa pwani, ndiko kila mtoto anakojua neno tiramisu. Jibu ni kwamba Waitaliano walikuja hapa kwa wingi tangu miaka ya 1960. Kule Ngomeni baharini walijenga jukwaa lao la San Marco, wakarusha setilaiti kutoka hapo mwaka 1967, na nyuma ya wataalamu wakaja wenye hoteli, wapishi, na wazee wa kukimbia baridi. Mwaka 2013 mwanaanga wao Luca Parmitano alipanda nayo tiramisu hadi kituo cha anga za juu. Lakini katika jiko zote hizo za mji huu, mikono iliyokuwa ikiipanga ilikuwa yetu, na wengi wetu hatukuwahi kuipeleka nyumbani.

Mimi niliipeleka. Binti yangu alipojifungua mwaka juzi, siku ya nane nilimtengenezea bakuli dogo, viini nimevifikisha nyuzi 71, kahawa kidogo sana kwa sababu ananyonyesha. Alikula akiwa amekaa kitandani, akaniuliza hiki ni nini, nikamwambia maana ya jina lake. Nikaonja naye, kijiko kimoja kimoja, mpaka chini.

Haya. Maji yanachemka pale, nayasikia. Kipimajoto kiko karibu na mkono wa dada mwenye mtandio wa kijani. Nahitaji mtu mmoja wa kutenga viini na mmoja wa kupiga, na anayepiga ajue hataachia mchapo mpaka nimwambie. Nani anaanza?